Tundu Nyuma ya Debe la Mrehani

Kitu chochote kikiharibika nyumbani kwetu Chumbageni, wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kuku akisusa kutaga, naitwa. Saa ya ukutani ikisimama, naitwa. Siku moja muadhini alipaliwa katikati ya adhana, baba akageuka akanikazia macho, utadhani mimi niliyekaa kando yake na udhu wangu ndiye niliyemtia pilipili kooni. Sikatai kwamba nina rekodi. Mtu aliyewahi kutia kaa mzima ndani ya kikapu cha vyombo vya fundi hana haki ya kulalamika sana akishukiwa. Lakini katika habari ya maji ya ubavuni sikuwa na hatia, na kwa kuwa hakuna aliyeniamini, naiandika yote, pamoja na pale niliposema uongo.

Ubavuni mwa nyumba yetu, upande wa chumba cha bibi, pana sakafu ya saruji. Baba aliitia nilipokuwa darasa la nne, na alijivuna nayo kama mtu aliyejenga gati. Upana wake ni vitanda viwili vya kamba, urefu wake kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa ua. Hapo ndipo mama anapopaa samaki, ndipo tunapotawadha, ndipo bibi anapoanika ubuyu wake na kunifukuza nisiuonje. Katika pembe ya mwisho, chini ya ukuta wa ua, fundi aliacha tundu la kutolea maji, pana kama ngumi ya mtu mzima. Maji yalipita hapo yakaangukia uchochoro ulio baina yetu na duka la jirani. Mbele ya tundu baadaye bibi aliweka debe la mrehani, na mrehani ukastawi mpaka tundu lenyewe lisionekane.

Mwanzo maji yalitoka vizuri. Halafu ukaja mwaka wa mambo mengi: babu alifariki, jirani akajenga stoo ya unga kule uchochoroni, na maji yakaacha kutoka. Yakawa yanasimama. Yanakusanyika penye pembe, yanarudi nyuma taratibu, yanalala chini ya ukuta wa chumba cha bibi kama ng'ombe aliyechoka. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, kwa nje imepigwa lipu ya chokaa. Baada ya masika mawili lipu ilivimba, ikapasuka, ikaanza kuanguka vipande. Ukigonga ukuta ule kwa vidole, ulijibu kwa sauti ya papai lililoiva.

Ndipo ikaja barua ya ami yangu anayelima Maramba. Nilisoma mimi kwa sauti, kwa kuwa baba alikuwa ameiacha miwani kazini. Ami aliandika kwamba masika yakianza tu atakuja kumchukua mama yake, hataki kuletewa habari kwamba ukuta umemlalia. Ukuta ukikauka, vema, bibi atabaki. Usipokauka, bibi anapanda lori.

Bibi alisikiliza huku anatafuna tambuu, kisha akasema, "Maramba kuna baridi."

"Maramba hakuna baridi, mama," baba akasema. "Baridi iko Amani, huko juu."

"Basi ipo karibu."

Kila mtu alijua si habari ya baridi. Kila Ijumaa bibi hukata vijiti vitatu vya mrehani kutoka debe lile, akanipa na ubani kidogo, nami nikaupeleka kaburini kwa babu kabla ya sala. Maramba nani angempelekea? Nami pia sikutaka aende. Bibi ndiye mtu pekee pale nyumbani aliyecheka mizaha yangu kwanza, akanipiga baadaye. Wengine walianza na kupiga.

Fundi akaitwa. Ni yuleyule aliyeitia sakafu, na ni yuleyule wa kaa. Alipofika tu alikitundika kikapu chake juu ya msumari, mbali nami, akanitazama huku anakipapasa kidole chake chenye kovu la yule kaa.

"Shikamoo, fundi," nikasema, kwa adabu yote.

"Marahaba. Kaa mbali."

Akakilaza kipande chake cha mbao chenye kichupa cha maji katikati, kile wanachokiita pimamaji, akainama, akafumba jicho moja. "Sakafu haina kosa. Mwinamo upo. Inalalia penye tundu, kama nilivyoiacha. Pimamaji halisemi uongo."

"Basi wewe ndiwe unayesema," bibi akamjibu kutoka dirishani. "Ulipunguza saruji, sakafu ikatitia. Maji yatatokaje penye bonde?"

"Bi mkubwa, mimi na mwanao tulifungua mifuko mbele yako!"

"Mbele yangu mlifungua. Nyuma yangu je?"

Baba alikuwa na mshitakiwa wake mwingine. Yeye alikuwa ameingia uchochoroni, akakuta jirani amepanga makasha matupu ya chai kwenye ukuta wetu, palepale tundu linapotokea. "Huyu bwana kaliziba," akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka barabarani. "Ana unga mle ndani. Hataki maji yetu."

Jirani, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Tanga, tunayesimama naye safu moja msikitini kila Ijumaa, aliulizwa. Alisema makasha ni matupu, na kasha tupu haliwezi kuzuia maji. Kisha akaongeza kwamba, kwa kweli, tangu maji yaache kupita unga wake umetulia, alhamdulillahi. Maneno hayo ya mwisho hayakumsaidia.

Na fundi alipokuwa anakusanya vyombo vyake, akamvuta baba kando, wala hakumvuta mbali. "Umemuuliza kijana wako? Huyu anaweza kusindilia kitu mle. Huyu!"

Baba akageuka. Mama akatoka jikoni na mwiko, akageuka naye. Hata paka, nikadhani. Ndiyo maana nikaamua kutafuta mwenyewe. Shida ya mtu mwenye rekodi mbaya ni kwamba akishukiwa kwa kosa asilolifanya, anaumia mara mbili: kwanza kwa kusingiziwa, pili kwa kuwa mzaha wenyewe ni mzuri na hakuufikiria yeye.

Nilianza na gololi. Nilikuwa nayo moja ya kioo, niliyoitoa kwenye chupa ya soda kwa kazi ya wiki nzima. Jumamosi asubuhi, sakafu ikiwa kavu, niliiachia kutoka mlango wa jikoni. Ikaenda. Haikupinda wala haikusita, ikaviringika moja kwa moja hadi pembeni, ikagonga debe la mrehani, tii! Nikaiachia kutoka chini ya dirisha la bibi. Tii! Nikaiachia kutoka penye mtungi. Tii! Fundi alikuwa mkweli, jambo lililonisikitisha kidogo. Sakafu ilielekea penye tundu. Basi ubaya ulikuwa ndani ya tundu.

Nikashika debe nilisogeze.

"Weka!"

Sijawahi kumsikia bibi akipiga kelele namna ile. Alikuwa dirishani, na uso wake haukuwa ule wa kunikemea juu ya ubuyu. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Nataka kutazama tundu tu, mke wangu," nikasema. Mimi na bibi hutaniana hivyo, yeye ananiita mume wake na mimi namwita mke wangu.

"Mrehani ukisogezwa unakufa."

"Jana mama aliusogeza akafagia."

"Alifagia mbele. Hakusogeza. Weka, mume wangu, nenda kacheze."

Nikaenda, lakini moyo ulibaki palepale. Hadi siku ile nilikuwa nimemshuku fundi, na jirani, na panya, na baba mwenyewe. Bibi sikumtia katika hesabu, kwa kuwa ukuta unaooza ni wake, na wa kupelekwa Maramba ni yeye. Nani anayejizibia maji yamlowanishe mwenyewe? Nikawaza labda ameficha ugoro. Kisha nikakumbuka kwamba hata mara moja bibi hakumtaja jirani. Baba akimlaumu jirani, yeye hukohoa. Akilaumiwa fundi, huchochea. Akilaumiwa mjukuu wake, hunyamaza, mwana hizaya mkubwa!

Siku iliyofuata baada ya adhuhuri, watu wamelala, nilizunguka uchochoroni na ufito wa mkonge. Nikajipenyeza nyuma ya makasha ya chai, nikalala kifudifudi, nikatia ufito katika tundu. Uliingia kiasi cha mkono, ukagota. Nikachokora. Yakaanguka mapande ya chokaa kavu. Nikachokora tena, ufito ukanasa, nikavuta, na kitu kikatoka kwa kusitasita kama jino.

Kilikuwa kitambaa. Bafta nyeupe, yaani ilikuwa nyeupe zamani, imekunjwa na kukunjwa tena, imeshikana kwa chokaa. Upande wa ndani, usiofikiwa na maji, ulikuwa bado unanukia udi.

"Nini hicho?"

Jirani alikuwa amesimama mwanzo wa uchochoro na kanzu yake ya kulalia, ndevu zimelala upande mmoja.

"Shikamoo, mzee. Kitambaa."

Alitazama ile bafta, akatazama tundu, akatazama ukuta wa stoo yake. Akarudi hatua mbili. "Kitambaa cha maiti hicho. Kimetoka upande wenu, kimeelekezwa kwangu. Nani katia?"

"Sijui, mzee. Wallahi sijui."

"Mimi na baba yako ni majirani wa miaka mingi," akasema polepole, "nami nilidhani ni chuki ya maji tu." Akaondoka akisoma Ayatul Kursi, na niliposikia mlango wa duka ukifungwa, komeo la juu na komeo la chini, nikajua mambo yameshakuwa makubwa. Jirani anaamini tumemroga, na baba akikiona kitambaa ataamini jirani ndiye aliyeturoga sisi. Kitambaa kimoja, uchawi mara mbili, na bibi bado anakwenda Maramba.

Nikakificha ndani ya shati, nikaingia chumbani kwa bibi bila kubisha hodi. Alikuwa ameketi kitandani, anashona ukili. Nikakiweka juu ya mkeka. Hakuuliza nimekitoa wapi. Aliweka ukili chini, akakichukua, akakikunjua pembe moja, akakikunja tena.

"Unajua kuchokonoa wewe," akasema.

"Ni wewe?"

"Funga mlango."

Akaniambia. Siku babu alipofariki walimwosha palepale ubavuni, wakazungushia mashuka. Nyumba nyingine huchimba ufuo, lile shimo la kupokelea maji ya kuoshea maiti, kisha likafukiwa na pakaheshimiwa. Kwetu hapakuwa na pa kuchimba, baba alishatia saruji. Basi maji yale yote yalikwenda na mwinamo wa sakafu, yakaingia katika tundu, yakazama kule uchochoroni, chini ya ukuta. Kesho yake bibi akakaa eda. Na kutoka chumba hiki, kwa dirisha hili, akawa anatazama mama akimwaga maji ya samaki, magamba na utumbo, yakipita mlemle.

"Nikavumilia siku saba. Ya nane nikachukua kipande cha sanda kilichobaki, nikachukua chokaa, nikaziba. Nikaweka debe. Mlidhani nakaa eda nimekaa tu!"

"Lakini ukuta utakuangukia, mke wangu."

"Uniangukie."

"Na Maramba?"

Akakipakata kile kitambaa kwa mikono ile ambayo nikiwa mtoto niliiogopa kuliko bakora ya mwalimu.

"Ukimwambia baba yako," akasema, "ataleta mwalimu wa chuoni anisomeshe kwamba maji ni maji. Nami najua maji ni maji. Sina haja ya kusomeshwa."

Nikaapa sitasema. Nikazunguka tena uchochoroni, nikakirudisha kitambaa mahali pake, nikakisindilia kwa ufito. Kwa hiyo mnaona kwamba mwisho wa mambo mimi kweli nililiziba tundu, na fundi alikuwa amenituhumu mapema tu.

Jumamosi ile nyingine fundi alirudi na tindo, nyundo na mtaimbo. Baba alikuwa amekunja kikoi mpaka magotini. Shauri lao lilikuwa fupi: waondoe debe, wazibue tundu kwa mtaimbo kutoka upande wetu, na jirani akitaka kusema, aseme. Mimi nilikuwa na shauri langu: wakate mfereji mpya upande wa barabarani, pembe wasiiguse. Nikatafuta neno la kumtisha baba. Nikalipata, na ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyoyafanya mwaka ule.

"Baba, mzee wa dukani amesema mkizibua tundu hilo atakwenda bomani kushitaki."

Hakusema hivyo hata siku moja. Nilidhani baba ataogopa boma. Sikumjua baba yangu.

"Amesema nini?" Akaukwapua mtaimbo kutoka mkononi mwa fundi. "Atakwenda bomani? Kwa tundu langu, katika ukuta wangu? Ondoa debe hilo!"

Bibi akatoka. Hakukimbia. Alivuka sakafu ile yenye maji bila viatu, akaketi mbele ya debe, akanyoosha miguu, akatandaza kanga yake juu ya magoti kama aliyekuja kupunga upepo. Maji yakaanza kumlowesha nguo.

"Mama, ondoka. Nataka kuzibua tundu."

"Hili halizibuliwi."

Baba akanitazama mimi. Mazoea ni kitu kibaya.

"Usimtazame yeye," bibi akasema. "Nimeziba mimi."

Fundi akakohoa kwa furaha, maana pimamaji lake lilikuwa limeshinda kesi. Baba alisimama na mtaimbo juu juu. "Wewe? Siku zote hizi namshuku jirani, ukuta unaoza, ndugu yangu anakuja kukuchukua, na ni wewe? Kwa nini?"

Bibi hakueleza kama alivyonieleza mimi. Alisema, "Siku ile kata uliishika wewe. Ulimwagia wewe, kwa mkono wako. Maji yalikwenda wapi?"

Nilimwona baba akifuata kwa macho. Kutoka chini ya dirisha, taratibu, kama gololi yangu, mpaka penye debe. Akaushusha mtaimbo. Akaulaza chini kwa uangalifu, usitoe hata sauti.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungeniletea mwalimu."

Baba akafikiri kidogo. "Ni kweli, ningemleta."

"Haya basi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na karai la samaki, hajui alimwage wapi. Baba akajipangusa uso kwa pindo la kikoi. "Fundi, kata upande wa barabarani."

"Lakini tundu lipo hapa, bwana. Sakafu yote inaelekea huku. Itabidi niigeuze."

"Igeuze."

Kazi ikachukua siku nne. Fundi alifunga uzi kwenye misumari miwili, akaushusha nusu kidole kwa kila hatua. Akachimbua sakafu ya zamani kwa tindo ili mpya ishike. Akakataa mchanga wa pwani, akisema una chumvi na saruji yake hutoka jasho, tukaletewa wa mtoni. Akatia tabaka jipya lililoinama kuelekea mbele, akakata mfereji mwembamba hatua moja kutoka ukuta wa bibi, na kuzunguka ile pembe ya mrehani akajenga kizingiti cha urefu wa vidole vinne, pasiingie hata tone. Mfereji ulipinda ili kukwepa pembe, na upindaji huo ulimuuma moyoni.

"Niambie, kijana," alininong'oneza siku ya mwisho, "bi mkubwa kafukia nini pale? Dhahabu?"

"Kaa," nikamwambia.

Mpaka leo akipita huinyooshea shingo pembe ile.

Kwa jirani tulikwenda pamoja, mimi na baba, na mimi nikatangulizwa. Nikakiri uongo wangu wa boma, kisha baba akaeleza habari ya kitambaa. Jirani alisikiliza amesimama nyuma ya mizani. Ilipofika habari ya babu alishusha macho, akasema "inna lillahi", akatoka nje yeye mwenyewe, akayaondoa makasha yote kutoka pale tundu linapotokea, akapafagia. Akamshika baba mkono. Mimi hakunishika. Asubuhi yake niliona uchochoro umetiwa mlango wa mabati na kufuli.

Masika yakaanza, na ami akaja kama alivyoahidi, juu ya lori la mahindi, na kikapu kikubwa cha kutilia vitu vya bibi. Ilikuwa inanyesha. Hakuketi, hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja ubavuni, akasimama chini ya mwavuli, akatazama maji yakitelemka katika mfereji, yakipinda pale yanapopinda, yakitoka barabarani kwa haraka. Akabandika kiganja ukutani. Akakinusa. Akagonga. Ukuta haukujibu kama papai tena.

"Mmepaka nini hapa?" akauliza.

"Hatukupaka kitu," baba akasema.

Ami akabandika kiganja pahali pengine, chini zaidi, kama mtu anayenunua punda. Kisha akageuka, akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Huyu hajafanya lolote?"

"Safari hii hajafanya," bibi akamjibu kutoka dirishani. "Njoo ndani ule. Na hicho kikapu chako utarudi nacho kitupu."

Ilikuwa Ijumaa. Bibi akaniita, akanyoosha mkono kupitia dirishani, akanipa kisu kidogo. Nikaruka kizingiti kwa uangalifu, nikakata vijiti vitatu.